Baada ya Jineri: Ngoma, Nyimbo na Ufundi katika Uchumi wa Maswa

Historia ya uchumi wa Maswa imeandikwa kwa pamba. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, kituo cha Malampaka kiligeuka kuwa lango la wilaya: pamba ya vijijini ilikusanywa, ikachambuliwa, ikafungwa robota na kupandishwa mabehewa kuelekea bandarini. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliunganisha nguvu, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao mashuhuri, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria ili mkulima asiendelee kupunjwa kwenye mizani. Haukupita muda mrefu shirikisho hilo likaanza kumiliki jineri zake lenyewe.

Yaliyofuata yanakumbukwa vizuri na wazee. Mwaka 1968 shirikisho lilipangwa upya na kuitwa Chama Kikuu cha Ushirika Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa nchini kote. Vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Maswa, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, ikahudumiwa na SHIRECU. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, vyama vya ushirika vilivyokuwa na madeni havikuweza kushindana, na jineri zao kadhaa katika Kanda ya Ziwa zikanyamaza. Viwanda vya nguo vya umma vya Mwatex jijini Mwanza na Mutex mjini Musoma, vilivyotarajiwa kuigeuza pamba hiyo kuwa vitenge na khanga, navyo viliyumba katika miaka hiyo hiyo.

Ikumbukwe kwamba jineri haikuwa mashine tu. Ilikuwa na mafundi mitambo, makarani, wapima mizani, wapakiaji, walinzi na akina mama waliopika chakula cha mchana nje ya lango. Pamba yenyewe haijaondoka: Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kuichukua Maswa kutoka Shinyanga, ndio unaoongoza kwa zao hilo nchini, na jineri za watu binafsi hunguruma kila msimu. Kilichopungua ni kazi zilizoizunguka pamba, hasa kazi za mwaka mzima. Kijana wa Nyalikungu au Malampaka ambaye hana shamba la kutosha hukuta kibarua cha miezi michache, kisha hukaa akisubiri msimu mwingine. Ndiyo maana swali linaloulizwa katika miji mingi iliyopoteza viwanda linaihusu Maswa pia, ingawa Maswa si jiji: watu wana ujuzi gani mwingine unaoweza kuleta kipato, na kipato hicho hupotelea wapi kwa sasa?

Uchumi ambao tayari upo

Neno “uchumi wa ubunifu” limeanza kusikika katika hotuba na mipango ya maendeleo, hasa tangu Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2021 kuwa mwaka wa kimataifa wa uchumi huo. Maana yake si ngumu. Ni shughuli zote ambazo thamani yake kubwa hutokana na akili, kipaji na ustadi wa mtu: muziki, ngoma, uchongaji, ususi, ushonaji, upigaji picha, filamu, uandishi, michoro na matangazo. Malighafi yake haichimbwi wala haipandwi, ila huhitaji kulindwa, kufundishwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Usukumani jambo hili halikuletwa na hotuba. Tangu karne ya 19 jamii ya Wasukuma imegawanyika katika vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake huelezwa kuwa ni waganga wawili, Ngika na Gumha, waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Kanuni ya ushindani wao ni rahisi na kali: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamehamia upande wake. Hapana jaji mwenye karatasi. Kwa sababu hiyo kila manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hulazimika kila mwaka kubuni kitu kipya: wimbo wenye mafumbo makali zaidi, vazi ambalo halijaonekana, sanamu ya mti inayotikisa viungo, au mchezo wa chatu kama wa Wayeye. (Kwa wanaotumia wanyama hai, sheria ya wanyamapori haikuacha nafasi kwa sababu ya mila, kibali ni lazima.) Ni vigumu kupata shule ya ubunifu iliyo kali kuliko uwanja wa namna hiyo.

Kuna pia ngoma zilizozaliwa shambani. Zamani kijiji cha Kisukuma kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyeitisha kazi za pamoja, na vijana hao walilima kwa mdundo wa ngoma na nyimbo. Bugobogobo, ngoma ambayo wachezaji hurusha na kudaka majembe kwa ustadi wa kutisha, imetokana na kazi hiyo. Pamba ilipoenea, manju walitunga nyimbo za pamba, za ushirika na za siasa, na hivyo jembe, mizani na wimbo vikasafiri pamoja. Haiwezekani kuieleza historia ya jineri za Usukumani bila kuigusa ngoma, wala historia ya ngoma bila kuitaja pamba.

Uhusiano huo bado unaonekana kwenye kalenda. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati fedha zimeingia mikononi na mashamba yamepumzika, ndiyo miezi ya ngoma. Uwanja wa ngoma ukijaa, hujaa pia muuza miwa, mama lishe, mpiga picha, kinyozi, fundi cherehani aliyeshona sare za kikundi, dereva wa bodaboda na mwenye banda la kuchaji simu. Fedha zinazozunguka hapo ni fedha halisi, ila haziandikwi popote. Mwaka ambao bei ya pamba imeanguka, au mvua imekosekana, uwanja huo hupoa. Hapo ndipo udhaifu wa kwanza wa uchumi wa ubunifu wa Maswa ulipo: mteja wake mkubwa ni mkulima yule yule wa pamba, na mfuko wake ukikauka hakuna mteja wa pili.

Kuuza ghafi

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, na pamba yenyewe inaufundisha. Kilo 100 za pamba mbegu zikipita jineri hutoa kati ya kilo 34 na 40 za pamba nyuzi. Zinazobaki kwa sehemu kubwa ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kuacha mashudu. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo husafirishwa nje ya nchi zikiwa robota, na thamani ya uzi, kitambaa, rangi na ushonaji hupatikana huko. Mkulima wa Maswa hununua shati lenye pamba ambayo huenda ilitoka kwenye shamba la jirani yake, kwa bei inayozidi mara nyingi ile aliyouzia.

Wimbo wa Kisukuma hupita njia hiyo hiyo. Manju hutunga, kikundi hufanya mazoezi kwa miezi miwili, kisha siku ya ngoma mtu mwenye kamera hurekodi. Baada ya wiki wimbo uko kwenye kadi za kumbukumbu zinazouzwa sokoni, uko kwenye simu za abiria wa basi, na pengine uko kwenye chaneli ya YouTube yenye maelfu ya watazamaji. Malipo ya matangazo, kama yapo, humfikia mwenye chaneli. Manju alilipwa soda na nauli. Hakuibiwa kwa nguvu; aliuza ghafi bila kujua kwamba anauza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki juu ya kazi yake tangu anapoitunga, bila sharti la kuisajili kwanza. Haki hiyo ya kiuchumi hudumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa faida ya warithi. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, hutumika kama ushahidi pale mgogoro unapotokea, na manju ambaye kazi yake haijaandikwa popote atapata tabu kubwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyeitunga.

Ni muhimu pia kutenganisha haki tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Kuna haki ya mtunzi wa wimbo, yaani maneno na tuni. Kuna haki ya waimbaji na wachezaji walioutekeleza wimbo huo. Hiyo ni mojawapo ya hakishiriki. Na kuna haki ya aliyegharamia kurekodi, ambayo inahusu ile rekodi pekee. Mwenye studio aliyerekodi wimbo hawi mmiliki wa wimbo kwa sababu tu mashine ni zake. Anaweza kuumiliki ikiwa mtunzi amemhamishia haki kwa maandishi, na hapo ndipo vikundi vingi hupoteza: husaini karatasi ambayo hawakuisoma, au hawasaini kitu chochote na baadaye kila upande hukumbuka mapatano yake. Karatasi moja yenye jina la wimbo, jina la mtunzi, majina ya waimbaji, mgawanyo wa mapato na sahihi za mashahidi wawili, iliyoandikwa kabla kamera haijawashwa, ina faida kubwa kuliko malalamiko ya miaka mitano.

Nyimbo na ngoma za asili ambazo hazina mtunzi anayejulikana zina utaratibu wake. Sheria hiyo hiyo inazilinda kama sanaa jadi, na mtu anayetaka kuzitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya mila anatakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kanuni hii ni nzuri, lakini ina shimo: ngoma ambayo haijarekodiwa wala kuelezwa kwa maandishi ni vigumu kuitetea. Wazee wanaojua mitindo, majina ya midundo na historia ya Wagika na Wagalu wa Maswa wanapungua. Kuwarekodi ni kazi ya haraka kuliko kujenga ukumbi wowote.

Mabadiliko ya sheria ya hivi karibuni yameongeza mlango mwingine. Tangu mwaka 2022 COSOTA imebaki kuwa ofisi ya usimamizi, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha imehamishiwa kwa vyama vya wenye haki wenyewe. Mwaka 2023 ikaongezwa tozo ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kuzalisha au kudurufu kazi za sanaa. Fedha hizo haziwezi kumfikia mtu ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote. Manju wa kijijini asiye mwanachama wa chama cha wenye haki, na ambaye nyimbo zake hazina kumbukumbu, anachangia mfumo huo kila anaponunua kifaa na hapati kitu.

Jengo au watu kwanza?

Miji iliyopoteza viwanda imejaribu njia mbalimbali. Huko Ujerumani, mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein mjini Essen ulifungwa, majengo yake yakahifadhiwa, na mwaka 2001 yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo yana makumbusho na kumbi za sanaa. Karibu zaidi, jijini Nairobi, ghala katika eneo la viwanda liligeuzwa mwaka 2003 kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Dar es Salaam ina Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 katika maghala ya Mikocheni, ambako wachoraji na wachongaji hupata vyumba vya kufanyia kazi, mafunzo na jukwaa la kuonyesha.

Mifano hii huvutia, na mtu anayepita mbele ya ghala kubwa la ushirika lenye mabati yaliyoshika kutu huweza kuona tayari ukumbi wa maonyesho. Tahadhari inahitajika. Nairobi na Dar es Salaam zina mamilioni ya wakazi, balozi, mashirika ya ufadhili na watalii wanaolala hotelini. Zaidi ya hayo, vituo hivyo vilianza kwa wasanii waliokwisha kuwa na kazi na waliokosa mahali. Ghala lilikuja baadaye kama jibu la haja hiyo. Mahali ambapo ghala limekarabatiwa kwanza kwa matumaini kwamba wasanii watatokea, mara nyingi limeishia kuwa ukumbi wa harusi. Si vibaya kuwa na ukumbi wa harusi, ila hiyo ni biashara nyingine.

Kuna pia suala la umiliki. Maghala na jineri za zamani za ushirika si mali isiyo na mwenyewe: ni mali za vyama, nyingine zina madeni, na nyingine bado zinatarajiwa kurudi katika kazi yake ya awali. Kuigeuza jineri inayoweza kuchambua pamba kuwa jumba la sanaa kungekuwa hasara kwa wakulima. Pale ambapo jengo la pembeni, banda la magunia au ofisi ya karani imebaki tupu kweli, kukodishwa kwa kikundi kwa mkataba wa maandishi kunaweza kuwa na faida kwa pande zote mbili.

Mfano unaoifaa Maswa zaidi hauko Ulaya. Uko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Huko, katika miaka ya 1950, Padri David Clement kutoka Kanada alianza pamoja na wazee wa Kisukuma kukusanya vifaa, nyimbo na historia za himaya za Usukumani. Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Kila Juni hufanyika hapo sikukuu ya Bulabo, ambamo Wagika na Wagalu hushindana mbele ya maelfu ya watu. Bujora haikuanza kwa jengo kubwa. Ilianza kwa kuandika, kukusanya, na kuweka tarehe ambayo kila kikundi inaijua. Tarehe isiyobadilika ni rasilimali: mgeni anaweza kupanga safari, mwenye gesti anaweza kujiandaa, na kikundi kinaweza kukopa kikiwa na matarajio.

Kwa upande wa wageni, hali ya Maswa imebadilika kuliko wengi wanavyodhani. Barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi inaiunganisha wilaya na lango la magharibi la Serengeti. Kipande cha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, ambacho ujenzi wake ulizinduliwa Juni 2021, kinapita Malampaka. Mkoa umekwisha kujifunza kupokea umati: maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018 na miaka miwili iliyofuata, na Simiyu Jambo Festival ilikusanya mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu katika viwanja vya mkoa. Mteja wa pili, yule asiyetegemea bei ya pamba, anaweza kupatikana katika barabara na reli hizo.

Huduma zilizopo, na mahali zinapokwama

Maswa ina uzoefu wake wa kubuni bidhaa. Katika miaka ya 2010, chini ya mpango wa mkoa wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, vijana wa wilaya hii walianza kutengeneza chaki za shule kwa jina la Maswa Chalks. Ujuzi wa kuchanganya, kukausha na kufungasha waliupata kwa majaribio. Chaki si sanaa, lakini safari yake inafundisha jambo ambalo wasanii wanalihitaji: bidhaa ilipata jina, boksi na wanunuzi waliojulikana, yaani shule. Kapu la ukindu lililosukwa na mama wa kijijini, lisilo na lebo, lisilo na bei maalumu na lisilo na mtu wa kulitafutia duka la Mwanza au Lamadi, litaendelea kuuzwa kwa bei ya kapu la kubebea nyanya, hata kama ususi wake ni wa hali ya juu.

Kwa mtaji, mlango wa karibu ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Hakuna kifungu kinachovizuia vikundi vya ngoma, studio, ushonaji wa mavazi ya asili au ususi. Kinachovikwamisha ni andiko la mradi. Afisa anayepitia maombi huelewa kirahisi mradi wa kuku 200: gharama ya vifaranga, chakula, chanjo, siku za kuuza. Kikundi cha ngoma kikiandika “kununua ngoma na sare”, hakikuonyesha fedha itarudije.

Hesabu hiyo inawezekana. Tuseme, kwa mfano tu, kikundi cha watu 12 kinaomba shilingi milioni 3. Andiko lenye nguvu litataja idadi ya maonyesho yanayotarajiwa kati ya Juni na Septemba, malipo ya kila onyesho, harusi na mikutano ambayo imekwisha kukialika, gharama za usafiri, na shughuli moja ya miezi ya masika ambapo ngoma hulala, kama kushona sare za shule kwa cherehani zile zile. Kikundi kilichoweka daftari la mapato kwa msimu mmoja tu tayari kina ushahidi ambao vikundi vingi havina. Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndio wanaosajili vikundi na kupokea maombi, na Afisa Utamaduni wa wilaya ndiye anayeshughulikia usajili wa wasanii na vibali vya maonyesho kwa taratibu za BASATA. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao hutoa mikopo kwa wasanii, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha ufungashaji na uboreshaji wa bidhaa za ufundi.

Lakini kuna mteja mmoja ambaye mara chache hutajwa: ofisi za umma zenyewe. Kiongozi anapokuja, Mwenge wa Uhuru unapopita, mradi unapozinduliwa, kikundi cha ngoma huitwa. Wasanii hufika asubuhi, hukaa juani, hucheza dakika 10 na kurudi jioni. Mwenye maturubai na viti hulipwa kwa ankara. Mpishi hulipwa kwa ankara. Mwenye vipaza sauti hulipwa kwa ankara. Msanii mara nyingi hupewa posho ya kubahatisha, kana kwamba kucheza mbele ya wakubwa ni malipo yanayotosha. Mahali popote nchini ambapo utaratibu huo unaendelea, ofisi inayohimiza uchumi wa ubunifu inaudhoofisha kwa mkono wake. Kuwa na kiwango cha malipo kinachojulikana, kinachoingizwa katika bajeti ya shughuli na kulipwa kwa ankara, hakuhitaji mfadhili wala jengo. Kungekipa kikundi kumbukumbu ya benki, na kumbukumbu hiyo ndiyo ambayo afisa wa mikopo anaitafuta.

Vijana wenye kamera na kompyuta wasionekane kuwa maadui katika habari hii. Hao ndio jineri mpya: bila wao wimbo wa Maswa haufiki Kahama, Mwanza wala kwa Msukuma anayeishi Dar es Salaam. Studio ndogo yenye kijana mmoja, maikrofoni mbili na umeme unaokatika inaweza kufanya kazi nzuri. Anachohitaji ni mapatano yaliyo wazi na manju, na anachohitaji manju ni nakala yake ya mapatano hayo. Vikundi vilivyo tayari kurekodi vinaweza kuomba ushauri katika ofisi ya Afisa Utamaduni, vikiwa na orodha ya nyimbo, majina ya watunzi na namba ya usajili wa kikundi. Ni vyema kufika kabla ya Mei, kwa sababu mizani ya pamba ikifunguliwa kamera nazo huwashwa, na wimbo uliokwisha kuingia kwenye kadi za kumbukumbu ni vigumu kuurudisha.